Panga lako limetoka wapi, na kwa nini watu wanakutazama ukilibeba



Masika iliyopita kijana mmoja kibarua alitoka kufyeka shamba la mzee fulani katika kata ninayohudumia hapa Kagera. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Alikuwa mgeni, ana wiki mbili tu kijijini, na begani alikuwa na panga bila ala wala gunia. Alipofika kwenye kijiwe cha bodaboda wakamsimamisha.

"Dogo, unakwenda wapi na hilo?"

"Natoka kwa mzee, nimefyeka."

"Mzee gani?"

Jina la mzee hakulijua vizuri. Yeye alimjua kwa jina la "Babu" tu. Hapo kelele zikaanza, mtu akamshika shati, mwingine akaokota jiwe. Kilichomwokoa ni mama mwenye duka la jirani aliyetoka nje akasema, "Mwacheni huyo, asubuhi nimemuuzia tupa mimi mwenyewe." Wakamwachia. Alikuwa na mchubuko shingoni na shati limechanika, basi. Ingekuwa hatua mia mbili mbele, ambako hakuna duka, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali moja mara nyingi, na wakulima na wafanyabiashara: je, kubeba panga ni kosa? Jibu lipo, na nitalitoa hapa chini. Lakini nikilitoa peke yake halitakusaidia sana, maana waliomshika yule kijana hawakuwa wanafikiria sheria, walikuwa na hofu. Na hofu hiyo ina historia yake, kama panga lenyewe lilivyo na historia yake. Hizi ni historia mbili tofauti, na nadhani tatizo letu ni kwamba tumeikumbuka ile ya pili tukasahau ya kwanza.

Tuanze na ya kwanza. Nchi yetu ina haki ya kujivunia kisu kuliko nchi nyingi duniani. Pale Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey na mumewe Louis walichimbua mawe yaliyopasuliwa kwa makusudi ili kupata makali, yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Huko Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti walitangaza mwaka 2015 mawe ya namna hiyo ya miaka milioni 3.3. Kibanzi cha jiwe chenye ukingo mkali, cha kuchunia ngozi na kukatia nyama, ndicho kisu cha kwanza. Kwa muda mrefu mno mwanadamu hakuwa na kingine.

Chuma kilikuja baadaye sana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mnalima juu ya historia hii bila kujua. Ukichimba shimo la choo ukakuta mawe meusi mazito yenye matundu kama sponji, usiyatupe kabla ya kuyatazama. Hayo ni mavi ya chuma, yaani taka iliyobaki baada ya mawe ya chuma kuyeyushwa. Katika vijiji vingi vya Kagera yamejaa ardhini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifika Uhaya akawasikiliza wazee. Walimpeleka Katuruka, kwenye mti wa kale uitwao Kaiija, wakamwambia kwamba hapo zamani palifuliwa chuma. Alipochimba akakuta kweli mabaki ya uhunzi, na vipimo vya mkaa vikaonyesha umri wa miaka kama 2,000. Nawapenda wazee wale kwa jambo hilo: masimulizi yao yalionekana kuwa hadithi tu, mpaka jembe la mtafiti lilipowaunga mkono.

Halafu mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao, na ambao hawakuwa wamefanya kazi hiyo kwa miongo mingi, walijenga tanuru upya na kuonyesha jinsi ilivyofanyika. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa nusu, wakajenga kuta za tanuru kwa udongo wa kichuguu, maana huo hauyeyuki upesi. Wakaweka mkaa na mawe ya chuma yaliyokwisha kuokwa. Wavukutaji wakakaa kuzunguka tanuru wakipuliza kwa zamu kwa saa nyingi mfululizo. Kilichowashangaza wataalamu ni mabomba ya udongo ya kupitishia hewa: yaliingia ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ilipata moto ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye mkaa. Joto likapanda kupita nyuzi 1,300 za Selsiasi. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la kisayansi la Marekani liitwalo Science.

Kagera haikuwa peke yake. Ufipa, huko Rukwa, walijenga matanuru marefu kuliko mtu, mengine yakipita mita tatu, ambayo hayakuhitaji mivukuto kwa sababu urefu wake ulivuta hewa wenyewe kama bomba la moshi. Upare, watu wa ukoo wa Washana walikusanya mchanga mweusi wa chuma kwenye vijito baada ya mvua, wakauyeyusha, na Wachaga wakapanda milima kununua chuma kwao. Katika nchi ya Wazinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, Warongo walikuwa mafundi wanaojulikana. Unyamwezini jembe la chuma lilikuwa bidhaa, lilikuwa fedha na lilikuwa mahari. Mtu aliweza kuoa kwa majembe.

Sasa angalia jambo ambalo ni muhimu kwa swali letu. Hata zama hizo mwenye kutengeneza makali hakutazamwa kama mtu wa kawaida. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Kazi ya tanuru ilikuwa na miiko: wafuaji walikaa mbali na wake zao siku za kuyeyusha, na dawa ziliwekwa chini ya tanuru. Kwa Wamasai, wahunzi waitwao il-kunono waliwafulia wafugaji mikuki na sime, lakini wafugaji hawakuoana nao. Kwa hiyo hofu ya chuma chenye makali haikuzaliwa jana. Tofauti ni kwamba hofu ile ya zamani ilikuwa na mahali pake. Ilimhusu mtengenezaji na siku zake za kazi. Mwenye kubeba chombo hakuhusika, maana kila mtu mzima alikuwa nacho. Mwanamume wa Kihaya kwenda kwenye migomba bila muhoro wake ingekuwa sawa na mimi kwenda shambani bila viatu.

Pwani nako kuna historia yake, na wafanyabiashara wataipenda. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kilichoandikwa na baharia mfanyabiashara, ambacho wataalamu hukiita Periplus. Kinataja soko la mwambao wetu liitwalo Rhapta, na kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa huko kutoka Arabuni: mikuki iliyotengenezwa Muza, Yemen, mahsusi kwa biashara hiyo, pamoja na mashoka madogo, visu, misumari ya kutobolea na vyombo vya kioo. Kwa hiyo wewe unayepanga visu kwenye meza ya mnada leo, kazi yako ina karibu miaka 2,000 hapa pwani. Na si kwamba tulikuwa wanunuzi tu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, anaandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba ndicho kilichowapa faida kubwa, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India.

Lugha yetu imeweka kumbukumbu ya haya yote. Hesabu majina: kisu, wembe, mundu, nyengo, sime, kotama ya mgema wa tembo, jambia, hanjari, kitara, upanga wa felegi. Kila jina lina kazi yake na mtu wake. Mwenye kotama kiunoni alijulikana kuwa anakwenda kupanda mnazi. Mwenye jambia la fedha Unguja alijulikana kuwa ni mtu wa cheo anayekwenda barazani, na mpaka leo Oman hanjari ni sehemu ya vazi rasmi la mwanamume, na imo kwenye bendera ya nchi. Tazama pia neno panga lenyewe. Upanga ni silaha ya vita. Panga ni chombo cha shamba. Maneno ni ndugu wa tumbo moja, lakini Mswahili aliona haja ya kuyatenganisha. Mtu akisema "amekuja na upanga" unaelewa vingine kabisa kuliko "amekuja na panga". Au ndivyo ilivyokuwa.

Panga tunalolijua leo, bapa, refu, la kiwandani, lilikuja na ukoloni na mashamba makubwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Mkonge wote ule ulikatwa kwa mkono, jani moja moja, kwa kisu, na kufungwa mafungu ya majani 30. Manamba waliotoka mbali, kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya nchi, walipewa kisu na kipande cha kazi. Wakati huohuo viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatengeneza mapanga kwa ajili ya makoloni duniani kote. Kampuni moja ya Birmingham, Ralph Martindale, iliyoanza mwaka 1874, iligonga alama ya mamba kwenye mapanga yake.

Tanuru la mhunzi wetu halikuweza kushindana. Chuma cha meli kilikuwa rahisi, hakikuhitaji kukata miti ya mkaa wala kukaa siku nzima kwenye mivukuto. Uyeyushaji ukafa. Ufuaji haukufa. Mhunzi aliacha kuyeyusha mawe akaanza kufua chuma chakavu, na mpaka leo springi ya lori lililokufa ndiyo malighafi yake bora. Baada ya uhuru serikali ikajenga kwa msaada wa China kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam, ambacho wengi mnakikumbuka kwa jina la UFI, kikatoa majembe, mashoka na mapanga. Wazee wakitaja majembe na mapanga ya UFI huwa wanatikisa kichwa wakilinganisha na ya siku hizi, na kwa sehemu wana haki. Sokoni sasa kuna mapanga mengi membamba ambayo makali yake hayamalizi msimu.

Kwa kuwa niko hapo, niseme neno kwa wenye maduka. Kabla ya kununua katoni, chukua panga moja ulikunje kidogo dhidi ya meza. Zuri hurudi likawa sawa, baya hubaki limepinda. Ligonge kwa ukucha au kwa sarafu: zuri hulia, baya hutoa sauti iliyokufa kama bati. Tazama mpini, chuma kifike mwisho wake na ribiti ziwe tatu, zisizocheza. Kwa visu vyenye mpini wa mti, uliza msuka umeingia kiasi gani. Msuka mfupi ndio unaochomoka mkono ukiwa na jasho, na nimeona kidole kimoja kilichopotea kwa sababu hiyo.

Sasa historia ya pili. Nitaipita kwa haraka zaidi, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu mnaijua.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari nchini Kenya, wapiganaji wa Mau Mau waliua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto, kwa moto na mapanga. Kisasi cha upande wa serikali, kilichoanza usiku huohuo, kikaua wengine wengi. Picha za Lari zilizunguka duniani, na tangu hapo magazeti ya Uingereza yalipotaja Mwafrika mwenye panga, msomaji hakuona mkulima tena. Serikali ya kikoloni yenyewe ilinyonga zaidi ya watu 1,000 katika vita ile. Lakini kamba ya kunyongea haikuacha woga wa kudumu kama panga lilivyoacha, labda kwa sababu kamba ilikuwa na hati ya mahakama. Siku hizi sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007, ina bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili, na watu wanapiga nayo picha.

Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi ya Zanzibar yalianza na watu ambao wengi wao walishika mapanga, mashoka na pinde, kabla ya kuziteka bunduki za polisi.

Na mwaka 1994. Sisi wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa Rwanda. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi, na upande wetu wa mpaka ukabaki na lundo la mapanga na silaha nyingine zilizowekwa chini. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilionyesha vibali vya kuingiza Rwanda kilo 581,000 za mapanga kati ya Januari 1993 na Machi 1994. Soma tena tarakimu hiyo kama mfanyabiashara. Hiyo ni oda, ilikuwa na ankara, mwagizaji na ghala. Watu wanaposema "mauaji yale yalikuwa ya mapanga" hufikiri yalitoka moyoni mwa mkulima kama moto wa kichaka. Yaliagizwa. Wengi waliuawa kwa bunduki na mabomu pia, lakini panga ndilo lililobaki machoni.

Baadaye zikaja habari za vikundi vya vijana Dar es Salaam walioitwa Panya Road, mwaka 2015 na tena 2022, wakivamia watu kwa mapanga na visu. Na vijijini kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Ukijumlisha hayo yote, kijana wa bodaboda aliyezaliwa mwaka 2000 amesikia habari ya panga la damu mara nyingi kuliko alivyomwona babu yake akinoa panga la shamba. Simwoni ni mjinga. Namwona amepata elimu ya upande mmoja.

Kuna jambo nimelichunguza ambalo ningependa ulichunguze nawe. Mama mtu mzima akipita na panga juu ya mzigo wa kuni, hakuna anayemsimamisha. Mzee mwenye mvi na muhoro begani anapewa shikamoo. Kijana mgeni mwenye panga lilelile anasimamishwa. Maana yake watu hawaogopi chuma. Wanamwogopa wasiyemjua.

Si kwetu tu. Uingereza, iliyouza mapanga ya mamba duniani kote, tarehe 24 Septemba 2024 ilipiga marufuku England na Wales kumiliki aina fulani za visu na mapanga ya kutisha, yenye meno na ncha za ziada, baada ya vijana wengi kuchomana visu mijini. Lakini hata huko sheria inamruhusu mtu kubeba kisu hadharani akiwa na sababu nzuri, na kazi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Hapo ndipo jibu la swali lenu lilipo pia. Panga la shamba halihitaji leseni Tanzania wala Kenya, na kulimiliki si kosa. Sheria inatazama mazingira na nia. Kenya, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake inaanzia miaka saba. Katiba yao ya 2010, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Kwa hiyo panga kwenye maandamano linakuvua haki uliyokuwa nayo. Tanzania nako anayekutwa na silaha kwa nia ya kutenda kosa kubwa anashtakiwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, ni kifungo kisichopungua miaka 30, na panga ni silaha kwa maana hiyo hata kama hukumkata mtu, ulimtishia tu. Nimewahi kumsikia kijana akisema "mimi nilimwonyesha tu". Kuonyesha kunatosha.

Kwa hiyo mazingira ndiyo unayoweza kuyatengeneza wewe. Saa mbili usiku, mgeni, panga wazi begani, hujui jina la mwenye shamba: hayo ni mazingira mabaya hata kama moyo wako ni mweupe. Mwenye kuajiri vibarua, mpe kijana jina lako kamili na la kitongoji, na mtambulishe kwa balozi siku ya kwanza. Bora zaidi, panga lilale kwako, alikute asubuhi. Kama ni lake na lazima aende nalo, liwe ndani ya ala. Ala si lazima iwe ya ngozi. Kipande cha tairi la pikipiki kilichopasuliwa na kushonwa kwa waya kinatosha, au kipande cha bomba la plastiki lililochanwa kwa urefu na kufungwa kwa mpira. Ukipanda basi au bodaboda, lifunge kwenye gunia pamoja na jembe, mwambie kondakta mapema, liende kwenye buti. Mwenye duka, muuzie mteja panga likiwa limefungwa gazeti na kamba, na umpe risiti, hata ya kuandika kwa mkono. Karatasi hiyo ndogo ni shahidi.

Na kuna kubeba kwingine ambako hakuna anayekuogopea, nako ndiko kunakoniumiza mimi zaidi kikazi. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao wengi hapa wanauita unyanjano, uligunduliwa Muleba baada ya kuingia Uganda mwaka 2001. Majani yanageuka manjano na kunyauka, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani imegeuka rangi ya kahawia, na ukikata shina linatoa ute wa manjano. Wadudu wanaotembelea ua wanaueneza, lakini njia nyingine kuu ni muhoro. Umekata mgomba mgonjwa, ukafuta makali kwenye nyasi, ukavuka kwa jirani kumsaidia kupunguza majani. Umemwachia ugonjwa. Kijana mgeni mwenye panga anasimamishwa njiani, na wewe jirani mwema unapita salama na bakteria kwenye makali. Kwa mkulima wa ndizi, sijui nani kati ya hao wawili ni hatari zaidi.

Fanya hivi. Kila unapomaliza shina moja kwenye shamba lenye ugonjwa, pitisha makali motoni mpaka yawe ya moto kiasi cha kutoshikika, au yachovye kwenye mchanganyiko wa kipimo kimoja cha Jik na vipimo vitano vya maji. Ukitumia Jik, osha na ukaushe panga jioni, maana inakula chuma. Ua la dume usilikate kwa kisu kabisa. Liondoe kwa kijiti chenye panda, ulizungushe mpaka livunjike, mara tu kichane cha mwisho kinapojitokeza. Shina lililougua likate chini kabisa, usawa wa ardhi, uliache palepale lioze, usilikokote kupita shambani. Na usiazime wala kuazimisha muhoro bila moto. Najua kuna nyumba ambako kumnyima jirani panga ni aibu. Basi mpe pamoja na kijinga cha moto.

Yule kijana wa masika bado yuko. Siku hizi anafanya kazi kwa wazee watatu, na majina yao yote anayajua. Ala yake ni ya tairi, ameishona mwenyewe, na juu yake ameandika namba ya simu ya yule mama mwenye duka kwa rangi nyeupe. Nilimuuliza kwa nini si namba yake mwenyewe. Akasema, "Afisa, wakinishika mimi, nani atapokea simu yangu?"